Jiwe bila anwani: Kosa lililomwangusha Leakey ufuoni mwa Ziwa Victoria

Siku moja ukiwa Dunga jioni, unangoja samaki wako aive, hebu inua macho kwenye simu utazame ng'ambo ya maji. Kusini mwa Ghuba ya Winam iko Rasi ya Homa. Ukizidi kwenda magharibi, pale ghuba inapofunguka kuingia ziwa lenyewe, unafika Kisiwa cha Rusinga. Wengi wetu tunakijua kisiwa hicho kwa sababu ya kaburi la Tom Mboya. Lakini kwenye makorongo ya sehemu hizo mbili kuna mawe yenye kisa. Ya kwanza yalimharibia mtu jina. Ya pili yalimrudishia.

Mtu huyo ni Louis Leakey. Ndiyo, yule yule wa kitabu cha historia, uliyemkariri usiku wa kuamkia mtihani halafu ukamsahau kabla hujafunga kalamu. Leo usimkariri. Mfuate tu, kwa sababu kosa alilofanya ni kosa ambalo mimi na wewe tunaweza kulifanya kesho asubuhi.

Kijana wa Kabete

Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, nje kidogo ya Nairobi. Wazazi wake walikuwa Waingereza, wamishonari wa Kanisa la Anglikana, lakini mtoto alikua na watoto wa Kikuyu. Lugha yao aliizungumza kama mwenyeji. Alitahiriwa na kuingizwa kwenye rika lao, akapewa jina la Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga. Akiwa kijana mdogo alijijengea kibanda chake mwenyewe, kama walivyofanya vijana wenzake.

Akiwa na miaka 13 hivi alipata kitabu cha watoto kuhusu watu wa Enzi ya Mawe. Kikamteka kabisa. Akaanza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama kioo, yale ya volkano, ambayo wengine waliyapita bila kuyatazama. Alipoyapeleka kwa mtaalamu wa makavazi ya Nairobi, kumbe baadhi yalikuwa zana halisi zilizochongwa na watu wa kale. Hapo ndipo alipojua atakachofanya maishani.

Mwaka 1922 alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Chuo kilikubali atumie Kikuyu kama mojawapo ya lugha zake za masomo. Bahati mbaya, mwaka uliofuata alipigwa kichwani uwanjani akicheza raga. Maumivu ya kichwa yakakataa kuisha, na daktari akamwagiza apumzishe masomo kwa muda.

Wewe ungerudi nyumbani ukalale, au sio? Yeye alitafuta kazi. Na kazi aliyopata ndiyo inayotupeleka kwenye dinosaria.

Shule ya Tendaguru

Kusini mwa Tanzania, bara kidogo kutoka mji wa Lindi, kuna kilima kiitwacho Tendaguru. Miamba yake ina umri wa miaka milioni 150 hivi, enzi ambayo dinosaria ndio waliotawala nchi kavu. Mwaka 1906 mhandisi mmoja Mjerumani aliona mifupa mikubwa ikichomoza njiani. Kati ya 1909 na 1913, Wajerumani wakasimamia uchimbaji mkubwa uliofanywa na mamia ya Waafrika. Tani zipatazo 250 za mifupa na mawe yake zilibebwa na wapagazi mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, kisha zikapakiwa melini kwenda Ujerumani. Ukifika Berlin leo, mmoja wa wanyama hao amesimama kwenye jumba la makumbusho, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Hilo ni kama jengo la ghorofa nne, mnyama mmoja tu.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Tanganyika ikawa chini ya Uingereza, na makumbusho ya London nayo ikataka sehemu yake. Mwaka 1924 ikamtuma William Cutler, mchimbaji mzoefu wa dinosaria aliyetokea Kanada. Cutler alijua mifupa lakini hakuijua Afrika. Leakey, kijana wa miaka 20, aliijua Afrika lakini hakuijua mifupa. Wakaunganishwa. Leakey, aliyejua Kiswahili, ndiye aliyeshughulikia safari, kambi na wafanyakazi.

Huko ndiko alikosomea kazi kwa mikono yake. Mfupa wa kale si mfupa tena, ni jiwe. Madini yameingia polepole mahali pa mfupa, umbo likabaki. Ndicho kinachoitwa kisukuku. Lakini jiwe hilo ni jepesi kuvunjika kuliko unavyodhani. Unalifukua kwa uangalifu, unalizungushia vitambaa vilivyochovywa kwenye plasta, unangoja plasta ikauke kama ile ya mguu uliovunjika, ndipo unalinyanyua.

Na kuna sheria nyingine ambayo kila mchimbaji anatakiwa kuilala nayo na kuamka nayo. Kabla hujanyanyua kitu, andika kilikuwa wapi. Tabaka lipi, kina gani, karibu na nini. Kwa nini? Kwa sababu kisukuku hakiji na cheti cha kuzaliwa. Umri wake unatokana na tabaka la mwamba kililolalia. Ukikitoa bila kuandika, umebaki na jiwe lisilo na anwani. Na jiwe lisilo na anwani haliwezi kukutolea ushahidi.

Leakey alikaa Tendaguru miezi kadhaa kisha akarudi Cambridge, akamaliza masomo kwa alama za juu kabisa. Cutler alibaki kazini. Mwaka 1925 malaria ilimuua huko huko kusini.

Kanam, 1932

Sasa rudi nasi ziwani. Huenda umeanza kujiuliza kama huku kwetu Nyanza kuna dinosaria. Hapana. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, na mawe ya Rusinga yana miaka milioni 18 hivi. Ya Rasi ya Homa ni machanga zaidi. Lakini yamebeba kitu kinachotuhusu kuliko dinosaria: habari za ukoo wetu sisi wenyewe.

Leakey alikuwa ameshaamini kwamba binadamu alianzia Afrika. Kumbuka wakati huo wakubwa wa sayansi Ulaya walikuwa wakitazama Asia. Kijana mmoja kutoka Kabete kuwaambia wametazama upande usio wake, hiyo haikuwa kazi ndogo. Alihitaji ushahidi, na aliuhitaji haraka.

Machi 1932, pale Kanam kwenye Rasi ya Homa, mmoja wa watu wake, Juma Gitau, alipata bonge la jiwe lenye meno ndani yake. Lilipochongwa likatokea kipande cha taya kinachofanana na cha mtu. Karibu na hapo palipatikana vipande vya mafuvu katika eneo la Kanjera. Leakey akatangaza kwamba taya la Kanam ni la binadamu wa kale kuliko wote waliojulikana. Mwaka 1933 wataalamu walikutana Cambridge, wakatazama, wakampongeza. Jamaa alikuwa hajafika hata miaka 30, na tayari yuko kileleni.

Lakini pale korongoni alikuwa ameacha mlango wazi. Hakuwa na ramani ya kutosha ya mahali taya lilipotoka. Alichimbia vyuma ardhini kama alama. Picha alizopiga kwa kamera yake ziliharibika.

Mtaalamu wa miamba Percy Boswell, profesa wa London, alikuwa na mashaka. Leakey, kwa kujiamini, akamkaribisha aje ajionee mwenyewe. Boswell akaja mwanzoni mwa 1935. Hebu jiweke katika viatu vya Leakey siku hiyo. Umemvusha profesa bahari nzima, mnatembea kwenye makorongo ya Kanam juani, na wewe huoni alama. Mvua za miaka mitatu zimebomoa kingo. Vyuma havipo. Inasemekana wenyeji walivitwaa wakavitumia katika uvuvi, na nani awalaumu? Chuma kimesimama porini bila mwenyewe, mvuvi akipite? Mbaya zaidi, picha moja aliyokuwa ameionyesha kama ya Kanam ikagundulika ni ya mahali pengine.

Mwaka huo huo Boswell aliyaandika yote kwenye jarida kubwa la sayansi. Hakudai kwamba Leakey ni tapeli. Aliandika tu kwamba mahali hapajulikani, na kwa hiyo umri haujulikani. Hiyo ilitosha. Leo wataalamu hawalichukulii taya la Kanam kuwa la kale kama Leakey alivyodai.

Ona basi uchungu wa jambo lenyewe. Aliyefundishwa Tendaguru kulinda mfupa kwa plasta alishindwa kulinda kitu kisichohitaji plasta wala fedha. Alihitaji kipimo, karatasi na subira ya saa chache.

Na nyumbani nako hakukuwa shwari. Wakati huo huo alimwacha mkewe Frida na watoto wao wawili, akaenda na Mary Nicol, msichana mchoraji wa zana za mawe. Cambridge ya enzi hizo haikusamehe mambo kama hayo. Kazi ya chuo ikaisha, wafadhili wakarudi nyuma. Yeye na Mary walioana mwishoni mwa 1936, wakarudi Kenya wakiwa hawana kitu cha kujivunia.

Jiwe lenye anwani

Kuna watu wangebadilisha fani. Leakey alirudi ziwa lile lile.

Rusinga ni mahali pa ajabu. Zamani hizo palikuwa na volkano kubwa iitwayo Kisingiri. Majivu yake yalikuwa na madini yanayofanana na chokaa, yakishika maji yanaganda kama saruji. Kilichofunikwa kilibaki kama kilivyokuwa. Si mifupa peke yake. Huko kumepatikana matunda, mbegu na hata wadudu wa miaka milioni 18 iliyopita. Ni msitu mzima umegeuka jiwe.

Wakati wa vita na baada yake, Leakey alikuwa msimamizi wa makavazi ya Nairobi, lakini kila alipopata nafasi alikuja ziwani. Pamoja naye alikuwa Heselon Mukiri, Mkikuyu aliyefanya naye kazi miaka mingi na ambaye jicho lake la kuona visukuku liliheshimiwa na wote. Wazungu waliandikwa magazetini. Akina Mukiri na Juma Gitau walipiga magoti kwenye vumbi. Ukisikia habari ya ugunduzi wowote wa zama hizo, uliza kwanza ni nani hasa aliyekiona kitu hicho.

Mwaka 1942 taya karibu zima la mnyama aitwaye Proconsul lilipatikana Rusinga. Proconsul alikuwa wa jamii ya sokwe, bila mkia, na vipande vyake vya kwanza vilitoka Koru, huko juu ya Kisumu ukielekea milimani, katika miaka ya 1920. Lakini hakuna aliyekuwa ameuona uso wake.

Kisha ikaja Oktoba 1948. Louis alikuwa ameinama akifukua mamba wa kale. Mary hakupenda mamba hata kidogo, kwa hiyo akaondoka kutembea peke yake kwenye mteremko. Akaona vipande vya mifupa vimetawanyika, akapandisha macho kufuata vilikotoka, na hapo kwenye mwamba akaona jino. Akamwita mumewe, naye akaja mbio.

Safari hii hakuna aliyeling'oa kwa pupa. Udongo ulichekechwa, vipande vidogo vikakusanywa, na Mary akakaa kuviunganisha kimoja kimoja. Uso ukatokea, uso wa kwanza wa Proconsul kuonwa na macho ya mtu. Mary alisafiri nalo fuvu kwa ndege mpaka Uingereza akiwa amelipakata ndani ya sanduku, na alipotua waandishi wa habari walikuwa wanamngoja. Mahali lilipotoka palijulikana. Tabaka lilijulikana. Hakuna Boswell aliyeweza kuliuliza anwani.

Milango ikafunguka. Mfanyabiashara Charles Boise alitoa fedha, na wanandoa hao wakapata mashua iliyokaa Kisumu kwa ajili ya safari za Rusinga. Kwa hiyo ukisimama kwenye gati la Kisumu, jua kwamba hapo ndipo safari nyingi za kutafuta asili yetu zilipoanzia.

Sehemu inayofuata ndiyo iliyo kwenye kitabu chako. Mwaka 1959 Mary aliona fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai, Tanzania, na mwaka 1964 Louis na wenzake wakatangaza jina la Homo habilis. Afrika ikakubalika kuwa chimbuko la binadamu. Mwaka 1960 Leakey ndiye aliyempeleka Jane Goodall Gombe kuchunguza sokwe. Na mwaka 1961 alirudi upande wetu, akachimba Fort Ternan, mashariki ya Kisumu, akapata sokwe wa kale mwingine aliyempa jina la Kenyapithecus.

Hakuwa malaika. Wakati wa Hali ya Hatari alisimama upande wa serikali ya kikoloni. Katika kesi ya Jomo Kenyatta kule Kapenguria alikuwa mkalimani, mpaka upande wa utetezi ulipolalamika na yeye akajiondoa. Mtu aliyeingizwa rika la Wakikuyu akawa mtumishi wa waliokuwa wakiwafunga. Kwa wengi hilo halikusahaulika, na si lazima tulisahau ili kuikubali kazi yake.

Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akiwa na miaka 69. Alizikwa Limuru, karibu na wazazi wake.

Zamu yako

Hadithi haikuishia kaburini. Mwaka 1993 wataalamu waliutenga aina yake sokwe wa Rusinga wakampa jina la heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri. Mwaka 2015 jina la kwanza nalo likabadilishwa kuwa Ekembo, neno la Kisuba lenye maana ya sokwe. Kwa hiyo leo sokwe huyo anaitwa Ekembo heseloni. Neno la wenyeji wa kisiwa na jina la Mukiri, yameungana. Lile fuvu la 1948, baada ya kukaa Uingereza miaka mingi, limerudi Nairobi. Yule wa Tendaguru bado amesimama Berlin.

Na Rasi ya Homa? Mwaka 2023 watafiti walitangaza walichokipata Nyayanga, kwenye rasi hiyo hiyo: zana za mawe zenye umri wa kati ya miaka milioni 2.6 na 3, pamoja na mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa nyama. Mwenyeji mmoja aliyekuwa akifanya nao kazi Kanjera ndiye aliyewaelekeza huko. Kumbe Leakey hakukosea ziwa. Alikosea kuandika.

Sasa ni zamu yako. Panda matatu kutoka Kisumu mpaka Luanda K'Otieno, vuka kwa feri hadi Mbita, ingia Rusinga. Ukitembea kwenye yale makorongo baada ya mvua, unaweza kabisa kuona mfupa wa jiwe umechomoza. Mkono utakuwasha. Utataka uutie mfukoni ukaonyeshe marafiki mtaani.

Usiuguse. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda vitu hivyo, na kuchimba bila kibali ni kosa. Lakini acha sheria kidogo, kumbuka Kanam. Toa simu. Piga picha ya karibu, kisha ya mbali inayoonyesha kilima na mti ulio jirani. Hifadhi lokesheni, maana simu yako ina kitu ambacho Leakey angekilipia bei yoyote mwaka ule wa 1935. Halafu uwaarifu watu wa Makavazi ya Kitaifa.

Mfupa uutie mfukoni, umepata jiwe. Uache ulipo na uuandike vizuri, huenda ukawa umempa mtu wa miaka milioni kadhaa iliyopita anwani yake.